Mafunzo Niliyopata Kwenye Injini za Sampo Kavu

Gari za michezo hazipandi milima ya Buha. Zinazofika Kibondo na Kasulu ni pikipiki kubwa za wasafiri wanaoingia Tanzania kutoka Rwanda kupitia Rusumo na Nyakanazi, wakielekea Kigoma au Mpanda: Yamaha XT600, Honda XR400, mara mojamoja Honda Dominator. Ndani yake mna sampo kavu, mfumo wa oili wa aina ileile iliyomo kwenye Porsche 911. Kwa miaka ya kuzifungua na kuzifunga huku juu, haya ndiyo niliyoyapata.

1. Jua oili inakaa wapi.

Kwenye Boxer au TVS ya bodaboda, oili, takriban lita moja, inakaa chini ya injini na pampu inainyonya hapohapo. Ikipungua, kisha dereva akashuka mteremko mkali amepakia magunia, oili hukimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na beringi za kreki zinasagana bila kilainishi. Sampo kavu ilibuniwa kuondoa hatari hiyo. Oili haiachwi chini. Inawekwa kwenye tangi la pembeni, au ndani ya bomba la fremu kama kwenye Honda XR. Pampu ni mbili: moja inapeleka oili kwenye kreki na kichwa cha injini, nyingine inakusanya iliyoshuka na kuirudisha tangini. Hii ya kurudisha hutengenezwa iwe na uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu inachovuta ni oili iliyochanganyika na hewa. Na kwa kuwa chini hakuna bakuli kubwa, gari la mashindano linaweza kufungwa injini yake chini zaidi na kutulia kwenye kona.

2. Usipime injini ikiwa baridi.

Kwangu hili ndilo funzo kubwa kuliko yote. Pikipiki ikilala usiku kucha, oili fulani hujipenyeza kutoka tangini na kushuka chini. Asubuhi unachomoa kijiti cha kupimia, unakiona kikavu.

"Mzee, hii haina oili kabisa," kijana ninayemfundisha aliniambia siku moja, tayari ameshika kopo.

"Weka kopo chini, mwanangu. Iwashe kwanza."

Tuliiacha ingurume taratibu dakika chache, tukaizima, tukapima papo hapo ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Oili ilikuwa kwenye alama. Angeongeza kwa kuamini kijiti cha asubuhi, oili ingezidi, ikatapikwa kupitia bomba la kupumulia hadi kwenye kisafisha hewa, na moshi ukafuata. Porsche 911 za zamani zina sharti kali zaidi: zinapimwa injini ikiwa ya moto na bado inanguruma.

3. Linda njia ya kurudi.

Watu wengi huangalia oili inavyokwenda. Mimi nahangaikia zaidi inavyorudi. Chujio la waya chini ya injini likiziba, pampu ya kurudisha inashindwa, oili inajaa chini na tangi linabaki tupu, wakati jumla ya oili haijapungua hata tone. Kinachoziba mara nyingi ni gundi ya gaskiti iliyopakwa kwa wingi na fundi mwenye haraka: vipande vyake hukatika ndani, vikaenda na oili. Pakeni kidogo, ndugu zangu. Kagueni pia mipira ya oili. Ule unaong'aa nje unaweza kuwa umeachana kwa ndani na kuziba njia.

4. Mwaga kote, kisha hakikisha imefika juu.

Kuna nati ya tangi au fremu, na kuna nati ya chini ya injini. Ukifungua moja tu, oili chafu iliyobaki itachanganyika na mpya. Kwenye XT600, baada ya kujaza, legeza kidogo bolti ya oili kwenye kichwa cha injini huku inanguruma polepole. Oili ichuruzike. Dakika moja ikipita bila kitu, zima upesi utafute hewa iliyonasa.

5. Iliyokaa stoo miezi mingi isipigwe moto hivihivi.

Mwaga kwanza oili iliyoshuka chini, kisha ujaze tangi upya.

6. Mfumo huu umeshapimwa kwenye barabara za Afrika.

Asiyeamini kwamba unastahimili vumbi na makorongo aangalie Safari Rally. Porsche 911 ilimaliza ya pili mwaka 1972 ikiendeshwa na Sobiesław Zasada, 1974 na Björn Waldegård, na 1978 na Vic Preston Jr. wa Kenya. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na mwanawe Mathias, alishinda mbio za magari ya zamani za East African Safari Classic, kwa 911 vilevile. Upande wa pikipiki, Paris-Dakar ya kwanza, iliyomalizika Januari 1979, ilichukuliwa na Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500 yenye oili ndani ya fremu.

7. Bodaboda haihitaji sampo kavu.

Vijana huniuliza kama wanaweza kufungiwa. Hapana. Mabomba, pampu ya pili na tangi ni vitu vya kutunzwa, na spea zake hazipo Kasulu wala Kibondo. Injini ndogo yenye oili safi mpaka kwenye alama inapanda mlima wowote wa huku. Ninachowasihi ni kuacha oili ya kupima isiyojulikana imetoka pipa gani, na kununua kopo lililofungwa. Kama fedha ni ya kopo moja tu, linunuliwe mwezi huu, kabla ya tairi mpya na kabla ya taa za kung'arisha.