Oldupai: mmea unaoshika udongo wa Tuala

Ploti mpya inapofyekwa Tuala, migunga na leleshwa huondolewa pamoja na mmea mmoja wa majani manene, marefu, yenye ncha kali. Wengi hudhani ni mkonge wa shambani uliojiotea. Huo ni mkonge pori, ambao Wamaasai huuita oldupai. Ndio ulioipa jina Oldupai ya kaskazini mwa Tanzania, ambayo wageni waliisikia vibaya wakaiandika Olduvai.

Mkonge pori una aina kadhaa, na zote hubaki kijani mwaka mzima. Wakati wa jua kali vitundu vya majani hufungwa, kisha hufunguka usiku kuvuta hewa, hivyo maji hupotea kidogo sana. Maua yake meupe nayo hufunguka jioni na kunukia. Chipukizi likishatoa maua halitoi tena, lakini mmea haufi, kwa kuwa shina lake halisi limelala chini ya udongo. Shina hilo hutambaa kando, likitoa mizizi na machipukizi mapya, hadi kichaka kimoja kinakuwa kama wavu ulioshonwa ardhini.

Wavu huo ndio hasara kubwa ukiung'oa. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya ardhi tupu, maji hupata njia, na njia hiyo huwa mtaro, hasa kando ya barabara za ndani. Kujaza mtaro kwa mawe na vifusi ni gharama. Mkonge pori tayari ulikuwa pale bure.

Anayejenga si lazima autupe. Chimba kipande cha shina la chini chenye chipukizi angalau moja, kiache kivulini siku chache kidonda kikauke, kisha kipande kwa kina kifupi kwenye ukingo wa mtaro au mstari wa ua kabla ya mvua za Machi hadi Mei. Usikipande mahali maji yanapotuama; kitaoza. Kisichimbwe kwenye ardhi ya jirani au hifadhi ya barabara bila ruhusa.

Ua wa namna hii huchukua misimu kadhaa kufunga, kwa hiyo seng'enge bado itahitajika mwanzoni. Nyuzi za majani hufaa kusokotwa kamba, kama wazee walivyofanya. Watoto wasicheze karibu nao: ncha ya jani iko sawasawa na usawa wa macho yao.