Tezi Ikizidi Kasi: Vidokezo kwa Mama wa Holili Kabla ya Mimba Hadi Baada ya Mtori

Kutoka Holili hadi Moshi mjini ni safari tuliyoizoea: gari hadi Himo, jingine hadi stendi. Lakini kwa mwanamke ambaye tezi yake ya thairoidi inatoa homoni kupita kiasi, kuahirisha safari hiyo mwezi mmoja kunaweza kumgharimu mimba. Ugonjwa huu una dawa, na wengi wenye nao wanazaa watoto wazima. Kinachowaponza wengine ni kungoja.

1. Jipime kwa karatasi. Tezi hii imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Ikizidisha kazi, moyo unakwenda mbio hata umekaa, jasho linakutoka wenzako wakiwa wamejitanda khanga, unakula vizuri lakini nguo zinapwaya, hedhi inaruka. Shingo si lazima ivimbe, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, maana tukisikia tezi tunawaza goita ya bibi. Basi nyoosha mikono mbele, tanua vidole, mtu akuwekee karatasi nyepesi juu yake. Ikitikisika kama jani la mgomba, kaa utulie, kisha hesabu mapigo ya moyo. Yakizidi 100 kwa dakika, omba kipimo cha damu cha TSH na T4. Ukiambiwa ni mawazo tu, omba tena.

2. Mimba isubiri kidogo. Tumia uzazi wa mpango mpaka vipimo viwili, vilivyopishana angalau mwezi mmoja, vionyeshe homoni zimetulia. Homoni zisipodhibitiwa, mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa njiti, na mama anaweza kupata kifafa cha mimba. Kama umepewa tiba ya iodini ya mionzi, subiri angalau miezi 6 kabla ya kushika mimba. Mjamzito hapewi tiba hiyo kabisa, wala anayenyonyesha.

3. Hedhi ikichelewa, usingoje tarehe ya kliniki. Hiki ndicho kidokezo ninachokiona kizito kuliko vyote. Dawa inayotumika sana ni kabimazoli, na ni dawa nzuri, ila katika wiki ya 6 hadi ya 10 ya mimba, viungo vya mtoto vinapojengwa, inaweza kumletea kasoro. Madaktari huibadilisha kwa dawa nyingine, PTU, katika miezi mitatu ya kwanza. Na kwa mama ambaye dozi yake ni ndogo na vipimo vimetulia, wanaweza hata kuisimamisha. Sasa fikiria: wengi wetu tunaanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne. Wakati huo wiki zile zimeshapita. Pima mkojo mara moja, mpigie daktari wako siku hiyohiyo, na dawa usiiache kwa uamuzi wako. Kuiacha ghafla nako kuna hatari yake.

PTU nayo ina lake: mara chache inaumiza ini. Macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, rudi hospitali mara moja.

4. Ukinunua dawa Taveta, soma miligramu. Kuvuka mpaka ni maisha yetu, na dawa zikiisha upande huu mtu anavuka. Lakini kuna kidonge cha kabimazoli cha miligramu 5 na cha 20. Mama aliyezoea vinne vidogo akimeza vinne vikubwa amejipa dozi mara nne. Beba boksi la zamani, umwonyeshe muuzaji.

5. Homa na koo kuuma si malaria kila mara. Kabimazoli na PTU zote mbili, kwa wachache, hushusha ghafla chembe nyeupe za damu. Ukipata homa na vidonda vya koo, usimeze dawa inayofuata. Nenda siku hiyohiyo ukapimwe picha nzima ya damu, na umwambie mhudumu jina la dawa unayotumia. Kipimo cha malaria kifanyike pia, lakini kisiwe peke yake.

6. Kutapika sana miezi ya mwanzo kunaweza kupandisha homoni hizi kwa muda hata kwa mwenye tezi nzima. Mara nyingi hali hiyo hutulia yenyewe bila dawa za tezi. Daktari ndiye wa kutofautisha.

7. Pimwa takriban kila wiki nne. Dawa hupita kwenye kondo la nyuma na ikizidi inailaza tezi ya mtoto, kwa hiyo dozi inayotafutwa ni ile ndogo inayotosha. Mimba ikikua, mara nyingi dozi hupunguzwa. Chumvi yenye madini joto endelea nayo. Vidonge vya iodini usijinunulie.

8. Hata kama tezi ilishakatwa, sema. Kingamwili zilizoichokoza zinaweza kubaki kwenye damu na kumfikia mtoto. Mwambie nesi, iandikwe kwenye kadi ya kliniki, na mtoto achunguzwe akizaliwa.

9. Jifungulie hospitali, na vidonge viwe ndani ya kikapu pamoja na khanga. Uchungu unaweza kulipua homoni zisizodhibitiwa: homa kali, moyo kukimbia, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura.

10. Bakuli la mtori lisikudanganye. Mama mkwe amepika, ndizi zimelainika, nyama imechambuka, mzazi anamaliza bakuli na kuongeza. Mwezi wa tatu mashavu yamebonyea, na watu wanasema mtoto ananyonya sana. Huenda ni tezi. Ugonjwa uliotulia wakati wa mimba hupenda kurudi ndani ya mwaka wa kwanza, na wengine tezi yao huvimba kwa mara ya kwanza baada ya kuzaa: inazidisha homoni, kisha inazipunguza, mama anabaki mchovu, mwenye baridi na huzuni. Aina hii haitibiwi kwa kabimazoli, ndiyo maana kipimo kinatangulia. Na kunyonyesha usiache: kwa dozi ya wastani iliyopangwa na daktari, meza kidonge mara tu mtoto akimaliza kunyonya.