Unyoya Ulio Mkiani mwa Mshale

Chukua kijiti cha mshikaki ukirushe kama mkuki. Kitapinduka hewani na kuanguka ubavu. Sasa bandika donge la udongo kwenye ncha ya mbele, na mkiani funga vipande vya karatasi ngumu. Rusha tena: ncha itatangulia. Anayetaka kubadilisha manyoya ya mishale yake nyumbani aanzie hapa, kabla hajagusa gundi.

Kitu kinachoruka hugeukia kwenye kitovu chake cha uzito. Ulaze mshale juu ya kidole mpaka utulie. Hapo ndipo kitovu kilipo, nacho kiko mbele ya katikati kwa sababu chembe ni kizito. Mshale hutoka kwenye upinde ukijipindapinda kama samaki, hivyo mkia huanza kuyumba mara moja. Ukichepuka kushoto, manyoya huikabili hewa kwa ubavu, na hewa huyasukuma kulia. Kwa kuwa yako mbali na kitovu, nguvu ndogo yatosha, kama mpini mrefu unavyorahisisha kung'oa msumari. Mshale ukinyooka, hewa hupita kandokando na haina pa kuushika.

Ndiyo maana unyoya mmoja uliochakaa hudhuru kuliko unavyodhania: hewa hurudisha mkia kwa nguvu upande huu na kwa unyonge upande ule. Mimi hubandua yote matatu hata kama mawili bado ni mazima.

Bandua kwa kisu butu, ukikilaza karibu sambamba na uti wa mshale. Kwenye uti wa kaboni kisu kikali hukata nyuzi zinazoubeba, na uti wenye ufa waweza kupasuka mkononi ugwe unapoachiwa. Ukunje taratibu karibu na sikio. Ukilia, uvunje na uutupe.

Kisha pangusa kwa spiriti, na usiguse tena kwa vidole. Gundi hushika kile inachokigusa. Ikigusa mafuta ya ngozi, itashika mafuta.

Manyoya matatu hugawana duara la nyuzi 360, kila moja nyuzi 120 kutoka kwa mwenzake. Moja lisimame kwa pembe mraba na pengo la kushikia ugwe, likielekea mbali na upinde, ili mawili mengine yapite ubavuni mwa upinde bila kukwaruzwa. Na yote yatoke bawa la upande mmoja. Unyoya wa bawa la kushoto umepinda kinyume cha ule wa kulia; ukiyachanganya, moja litataka kuuzungusha mshale huku, jingine kule.

Gundi si lazima. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hufunga manyoya kwa kano za wanyama. Kano iliyolowa hulainika na kufuata umbo la uti. Ikikauka husinyaa na kukaza. Fundi hukaza kidogo tu, na jua humalizia kazi. Nauona ni ufundi mkubwa wa sayansi ya vitu.

Ukitumia gundi, ipake nyembamba, kisha ongeza tone moja mbele ya kila unyoya, maana hapo ndipo hewa huanza kuubandua. Uache ukauke usiku kucha. Kesho yake, kabla ya kuvuta ugwe, hakikisha hakuna mtu nyuma ya shabaha.