Umepokea mtoto asiye wako? Mtafutie na karatasi

Tuseme mvua imenyesha usiku kucha, mto Mulongwe umefurika, na asubuhi unakuta mtoto wa miaka sita mlangoni pako hapa Kasenga. Hajui mama yake yuko wapi. Unamwogesha, unampa ugali na ndagala, unamlaza mkekani pamoja na wanao. Huruma hiyo Uvira tunaijua: tuliihitaji katika mafuriko ya Aprili 2020, na tunaihitaji kila vita inapotawanya familia.

Lakini mtoto anayelala kwako bila ofisi yoyote kujua, hakuna anayemtafutia ndugu zake. Nawe huna cha kuonyesha siku mjomba wake atakapokuja na polisi, akidai umemwiba.

Sheria inasema nini?

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtu aliye chini ya miaka 18. Yatima, mtoto aliyetupwa na yule anayeishi barabarani, wote inawahesabu kuwa watoto walio katika hali ngumu, na ulinzi wao ni jukumu la Serikali. Mtoto kama huyo anaweza kuwekwa katika kituo kilichokubaliwa, au katika familia, ile tunayoiita famille d'accueil.

Leseni ya ulezi ya kununua haipo. Kinachokufanya mlezi anayetambulika ni uamuzi wa kumweka mtoto kwako, unaopitia kwa asistan sosiali, chini ya mamlaka ya jaji wa watoto.

Ufanye nini?

1. Siku hiyo hiyo mjulishe shefu wa quartier. Eleza ulimkuta wapi, saa ngapi, amevaa nini. Andika kila jina analolitaja: la mama, la kijiji, la mwalimu. Mtoto mdogo husahau upesi.

2. Nenda ofisi ya Affaires sociales. Asistan sosiali atazungumza na mtoto na kuja kuona mnavyoishi. Usiogope nyumba yako kuwa ndogo. Muulize pia jinsi uamuzi wa jaji utakavyopatikana, na utunze nakala ya kila karatasi.

3. Fika Croix-Rouge uombe ndugu zake watafutwe. Huduma hiyo hailipiwi.

4. Mtu akija kusema ni shangazi yake, mkaribishe, mpe kiti, lakini usimkabidhi mtoto. Mwende naye kwa asistan sosiali, ili undugu wao uthibitishwe kwanza.

Mtoto ana haki gani kwako?

Ana haki ya kula, kutibiwa na kusikilizwa kama wanao. Shule ya msingi ya Serikali ni ya bure na ya lazima, kwa hiyo asibaki nyumbani kuchota maji wakati wenzake wako darasani. Umemchukua umlee, hukuchukua mfanyakazi.

Na likiingia balaa nyumbani, asitokee mtu wa kumwita mchawi. Sheria hiyo hiyo inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi: kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya faranga 200.000 hadi 1.000.000. Anayesema hivyo kwa jina la maombi naye hasamehewi.

Je, anakuwa wangu?

Hapana. Kupokea ni kushika mahali pa mzazi kwa muda. Adoption, yaani kumfanya mtoto kuwa wako kisheria, ni jambo lingine: huamuliwa na mahakama ya watoto (tribunal pour enfants), na haipatikani kwa barua ya mkononi wala kwa pesa. Kwa hiyo usimbadilishie jina, wala usimwambie wazazi wake wamekufa ikiwa hujui.

Najua inauma kumlea mtoto ukijua ataondoka. Hata hivyo, huenda mama yake atashuka siku moja pale bandarini Kalundu, akimuulizia kila anayekutana naye. Karatasi uliyoiacha ofisini ndiyo itakayomwonyesha njia hadi mlangoni pako.