Kiuno cha Mcheza Gofu na Kiuno cha Mkulima

Palizi inapoanza katika kata ya Daa, wilayani Karatu, mkulima hupiga jembe akiwa ameinama, na kiwiliwili chake hujipinda kidogo upande mmoja kwa kila pigo. Katika viwanja vya gofu vya Arusha, Moshi na Dar es Salaam mchezaji naye huinama kidogo, hujipinda, kisha hujikunjua kwa nguvu ili kigongo kiupige mpira. Mmoja anatafuta chakula, mwingine burudani. Jioni wote wawili huweza kujishika mahali pamoja, yaani kiunoni. Uti wa mgongo hautambui kama kilichomo mkononi ni jembe, kigongo cha gofu au raketi ya tenisi. Hutambua kani, pembe na idadi ya marudio.

Kiuno kina pingili tano, kubwa kuliko pingili nyingine zote za mgongo. Baina ya pingili na pingili pana sahani ya gegedu, yenye kiini laini kilichozungukwa na tabaka za nyuzinyuzi. Nyuma ya kila pingili vipo viungo vidogo ambavyo nyuso zake zimesimama kama milango: huruhusu mtu kuinama na kunyooka, lakini huzuia kuzunguka. Kwa sababu hiyo kila kiungo cha kiuno huzunguka nyuzi mbili hivi tu kwa kila upande, na vyote vitano kwa pamoja nyuzi kumi hivi. Nyonga moja peke yake huzunguka nyuzi 30 hadi 40. Mchezaji anayejisifu kwamba amezungusha kiuno amezungusha nyonga na kifua. Kiuno kimefuata tu.

Umbo la kiuno linahusiana na kusimama wima, nako ni kwa kale sana. Nyayo zilizofukuliwa mwaka 1978 na 1979 na kundi la Mary Leakey huko Laetoli, katika Ngorongoro, zina umri wa miaka milioni 3.66 hivi, na waliozikanyaga walitembea kwa miguu miwili. Kwa kiumbe atembeaye hivyo, kiuno ni nguzo inayobeba kichwa, mikono na kifua kwa pamoja.

Ukubwa wa kazi hiyo huonekana kwa hesabu ya wenzo. Ndoo ya maji ya kilo 20 ina uzito wa nyutoni 200 hivi. Ikishikwa sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, momenti yake ni 200 × 0.4, yaani nyutoni-mita 80. Misuli ya mgongo hupita sentimita 5 hivi tu nyuma ya egemeo. Basi ni lazima ivute kwa kani ya 80 ÷ 0.05, sawa na nyutoni 1,600, na hapo uzito wa kiwiliwili chenyewe bado haujahesabiwa. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani walichapisha vipimo vya shinikizo ndani ya sahani ya kiuno cha mtu aliye hai. Aliposimama wima lilikuwa megapaskali 0.5; alipoinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda lilifika 2.3, alipoinua mzigo uleule kwa kukunja magoti lilikuwa 1.7.

Pigo la gofu hupita hapo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1990 ulionyesha kwamba kiuno hugandamizwa kwa kani ya takriban mara nane ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni nyutoni 5,600. Sahani yenye afya hustahimili pigo moja la namna hiyo. Kinachoidhoofisha ni marudio, kama waya unavyokatika kwa kukunjwa mara nyingi bila ya kuvutwa kwa nguvu. Hatari huongezeka nyonga ikikakamaa, kwani mzunguko iliyoshindwa kuutoa hudaiwa kutoka kiunoni. Uchunguzi wa mwaka 2004 uliohusu wachezaji gofu wa kulipwa ulikuta uhusiano baina ya maumivu ya kiuno na upungufu wa mzunguko katika nyonga ya mbele.

Katika tenisi kosa huwa jingine. Anayeanzisha mpira hujikunja nyuma, hulalia upande na kuzunguka kwa wakati mmoja. Kwa kijana ambaye mifupa yake bado inakua, sehemu nyembamba ya nyuma ya pingili huweza kupata ufa. Mwanafunzi anayeumia kila ajikunjapo nyuma, kwa wiki kadhaa mfululizo, aache kuanzisha mpira na apelekwe kwa mganga. Hata hivyo picha na maumivu si kitu kimoja: mwaka 2007 ilitangazwa kwamba kati ya vijana 33 hodari wa tenisi wasio na maumivu yoyote, 28 walionekana na kasoro kiunoni walipopigwa picha.

Ushauri wa zamani wa kulala kitandani kwa wiki nyingi umeachwa. Mgonjwa wa kawaida hupona upesi zaidi akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Mcheza gofu ageuze kidogo nje wayo wa mbele ili nyonga ipate nafasi. Mkulima abadilishe upande, na atumie mpini mrefu zaidi. Jimbo la California lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mwaka 1975 kwa sababu ya migongo ya vibarua wa mashamba. Mpini mrefu ni dawa rahisi kuliko zote, na ni ajabu kwamba hauzungumzwi sana.

Lakini si kila kiuno kinachouma kimeumizwa na jembe au raketi. Maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, au ugonjwa wa brusela, ambao hupatikana kwa mifugo na watu wa kaskazini mwa Tanzania na huenezwa pia na maziwa yasiyochemshwa. Ganzi katikati ya mapaja au kushindwa kuzuia mkojo ni jambo la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Jaribio la darasani. Mwanafunzi aketi kwenye kiti, magoti yamebanwa pamoja, na fimbo aiweke mabegani. Ageuke kadiri awezavyo bila ya kujilazimisha, na wenzake wapime pembe ya fimbo. Kisha asimame na kurudia, akiiacha miguu mahali pake. Sehemu kubwa ya pembe ya kwanza ni ya kifua. Nyongeza inayopatikana mara ya pili hutoka katika nyonga, magoti na vifundo vya miguu.