Maji Hayafiki Kihambani: Somo la Kutafuta Ubovu Katika Tovuti ya Jumuiya



Ndugu mwanafunzi, makala hii imeandikwa kwa ajili ya wale watakaopokea kazi ya kuangalia tovuti ya madrasa yetu. Vile vile ni kwa kila mmoja wenu ambaye kesho ataombwa na msikiti wake, chama cha wahitimu au kikundi cha akina mama wa mtaani kwake awafungulie mahali pa kukutana mtandaoni. Kufungua tovuti wengi mnaweza. Wanaojua la kufanya siku inapogoma ni wachache, na hilo ndilo somo letu la leo.

1. TOVUTI YA JUMUIYA NI NINI?

Tovuti ya kawaida ni kama ubao wa matangazo mlangoni: mmoja anaandika, wengine wanasoma. Tovuti ya jumuiya ni kama baraza. Kila mwanachama ana jina na wasifu wake, anaingia kwenye vikundi, anatuma ujumbe na anapokea taarifa. Hapa Tanzania jambo hili si geni. JamiiForums, mahali ambapo Watanzania wengi wamejadiliana, ilianza mwaka 2006.

Tovuti yetu imejengwa kwa WordPress, programu ya bure iliyotoka mwaka 2003. Juu yake tumeweka BuddyPress, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2009, na ndiyo inayoleta wasifu, vikundi na ujumbe wa faragha. Programu ya namna hii, inayochomekwa kwenye nyingine ili kuiongezea kazi, huitwa programu-jalizi.

Tumekodi nafasi kwenye seva na tunaisimamia wenyewe. Faida yake ni kwamba majina na namba za simu za wazazi tunazitunza sisi. Mzigo wake ni huo huo: kikiharibika kitu, wa kwanza kuulizwa ni sisi.

2. KISA CHA JIONI MOJA

Mwaka jana, wiki moja kabla ya mitihani, wazazi wa Kibosho na Uru walilalamika kwamba tovuti ni nzito kwenye simu. Jioni nikakaa kuitengeneza. Niliweka programu-jalizi ya kache, yaani ile inayotunza nakala ya kila ukurasa ili seva isiutengeneze upya kila unapoombwa. Nikasasisha programu-jalizi nyingine tatu. Nikabadilisha na mandhari ya tovuti. Tovuti ikawa nyepesi, nami nikalala nimefurahi.

Asubuhi mama mmoja wa Pasua akanipigia simu. "Ustadhi, samahani. Mbona nikifungua tovuti naitwa kwa jina la kiume? Nimebofya palipoandikwa Ujumbe, nikakuta barua ya mtu."

Barua ile ilikuwa ya baba mmoja wa mlimani. Alikuwa ananieleza kwamba mambo yake yameharibika, hana ada ya mwanawe kwa miezi miwili, na anaomba jambo hilo lisijulikane.

Niliizima tovuti saa ile ile. Mchana nikapanda daladala hadi kwake, maana habari kama hiyo haifikishwi kwa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ustadhi, mimi niliandika kule kwa sababu mlituambia ni siri." Sikuwa na jibu zaidi ya kumwomba msamaha.

Kuutafuta ubovu wenyewe kulinichukua siku mbili. Sababu ni kwamba nilikuwa nimebadilisha vitu vitano kwa jioni moja bila kuandika popote, na kila kimoja kilikuwa mtuhumiwa. Ningebadilisha kimoja, nikapima, kisha nikaendelea na cha pili, ningeujua kwa dakika tano. Kama hutakumbuka lingine lolote katika somo hili, kumbuka hilo.

3. KANUNI YA MFONGO

Waliokulia Machame, Kibosho, Uru au Marangu wanaujua mfongo, mfereji wa asili unaochukua maji mtoni huko juu na kuyaleta vihambani. Wazungu waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 waliikuta mifongo tayari inafanya kazi, na mingine ipo mpaka leo.

Maji yasipofika kihambani, mzee hachimbi chini ya migomba. Anapanda kuufuata mfongo. Akifika katikati anatazama: maji yapo au hayapo? Yakiwapo, ubovu uko kati ya pale na nyumbani. Yasipokuwapo, ubovu uko juu zaidi. Kwa kutazama mara moja tu ameachana na nusu ya safari.

Tovuti nayo ina mfongo wake. Unaanzia kwenye seva, unapita WordPress, unapita mandhari, unapita programu-jalizi moja baada ya nyingine, unasafiri kwenye mtandao, na mwisho unafika kwenye kivinjari cha mwanachama. Tuseme una programu-jalizi 16 na hujui mkosaji ni ipi. Zima 8. Tatizo likiondoka, mkosaji yumo ndani ya zile 8 ulizozima. Likibaki, yumo ndani ya zilizosalia. Kisha gawa tena: 4, 2, 1. Kwa hatua nne umempata. Ukizijaribu moja moja unaweza kufika hatua 15. Kumbuka pia kwamba mara nyingine wakosaji ni wawili wanaogombana, na kila mmoja akiwa peke yake ni mzima.

Ili usiwasumbue wanachama, iko programu-jalizi ya bure iitwayo Health Check & Troubleshooting. Hiyo inakuzimia nyingine zote wewe peke yako kwa ajili ya majaribio, huku wanachama wakiendelea kuona tovuti kama kawaida.

4. KABLA HUJAGUSA KITU

Kwanza, weka nakala ya akiba. Tovuti ina sehemu mbili, mafaili na hifadhidata. Picha zimo kwenye mafaili. Majina, ujumbe na vikundi vimo kwenye hifadhidata. Aliyenakili moja tu hajanakili tovuti.

Pili, uliza vizuri. "Tovuti haifanyi kazi" si maelezo ya ubovu. Muulize mwanachama: ulibofya nini, ukaona nini, saa ngapi, kwa simu au kompyuta, na je, ulikuwa umeingia kwa jina lako?

Tatu, hakikisha kwamba ubovu ni wako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo mtu anaweza kufuta programu-jalizi zote na asipone. Fungua kwanza tovuti nyingine, kisha jaribu kwa laini ya kampuni nyingine ya simu.

Nne, fungua daftari. Andika tarehe, ulichobadilisha na kilichotokea. Sisi sasa tuna daftari la kurasa 96 pale ofisini, na anayegusa tovuti bila kuandika anaulizwa.

5. UBOVU UNAOTOKEA MARA KWA MARA

(a) Ukurasa mweupe, au tangazo la kosa kubwa.
Mara nyingi hutokea baada ya kusasisha, pale programu-jalizi isipopatana na toleo la PHP lililopo kwenye seva. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia kwa dharura. Isipofika, ingia kwenye mafaili ya seva, fungua folda ya wp-content, kisha plugins, na ubadilishe jina la folda ya programu-jalizi unayoishuku. WordPress isipoiona itaizima yenyewe. Ukitaka kujua kosa hasa, washa WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ndani ya faili la wp-config.php, na uzime WP_DEBUG_DISPLAY ili makosa yasitokee mbele ya wageni. Kisha soma faili la debug.log. Ukimaliza, zima na ulifute, kwani kwenye seva nyingi mtu wa nje anaweza kulifungua.

(b) Kurasa za wanachama au vikundi hazipatikani (404).
Nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, hakikisha hujachagua ule mtindo wa kawaida wenye alama ya kuuliza, kisha hifadhi upya hata kama hujabadilisha neno. Fahamu pia kwamba BuddyPress 12.0 ya mwaka 2023 ilibadilisha namna ya kutengeneza anwani za kurasa zake. Nyongeza za zamani zinaweza kushindwa kuifuata, na kwa ajili hiyo ikatolewa programu-jalizi ya BP Classic.

(c) Mwanachama mpya hapati barua pepe ya kuthibitisha.
Hili ndilo lalamiko tunalolipata zaidi. Tazama kwanza kwenye folda lake la barua taka. Kisha jua kwamba barua inayotumwa na seva bila utambulisho hushukiwa na wapokeaji. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa watumaji kuhusu kuthibitisha anwani zao. Dawa yake ni kutuma kwa njia ya SMTP kupitia akaunti halisi ya barua pepe, na kuweka rekodi za SPF na DKIM kwenye jina la tovuti. Wakati huo unaweza kumthibitisha mwanachama kwa mkono kutoka kwenye orodha ya walioomba kujiandikisha.

(d) Picha hazipandi.
PHP isiporekebishwa hupokea faili lisilozidi megabaiti 2, na picha za simu za leo nyingi zinazidi hapo. Ongeza viwango viwili kwa pamoja, upload_max_filesize na post_max_size, na cha pili kisiwe chini ya cha kwanza.

(e) Mtu kuona mambo ya mwenzake.
Huu ndio uliotupata sisi. Kache iliachwa itunze hata kurasa za watu walioingia kwa majina yao. Yule baba alifungua tovuti usiku, ukurasa wake ukatunzwa, na asubuhi mama wa Pasua akapewa nakala ile ile. Kache ni ya kurasa za wote, kama ratiba na matangazo. Kwa aliyeingia kwa jina lake, izime. Ukipata ubovu wa aina hii usianze kutafuta chanzo. Funga tovuti kwanza, futa nakala zilizotunzwa, halafu ndipo utafute.

6. UBOVU USIOTOA KELELE

Ubovu mwingine hautoi tangazo lolote, na ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu kwa macho ya msimamizi kila kitu ni kizima.

Katika BuddyPress, sehemu mpya ya wasifu, mathalani "Namba ya simu", huonekana na kila mtu mpaka msimamizi abadilishe. Vikundi navyo ni vya aina tatu: vya wazi, vya faragha na vilivyofichwa. Kikundi cha faragha huficha mazungumzo, lakini jina na maelezo yake huonekana. Kwa hiyo usikiite kikundi "Wanafunzi wanaosaidiwa ada" ukadhani umewasitiri. Jua pia kwamba picha iliyowekwa ndani ya ukurasa wa siri kwa kawaida inaweza kufunguliwa na yeyote mwenye anwani ya picha yenyewe.

Basi kila baada ya badiliko, itazame tovuti kwa macho matatu: ya msimamizi, ya mwanachama wa kawaida, na ya mgeni asiye na akaunti. Sisi tumetengeneza akaunti ya majaribio kwa kazi hiyo. Jioni ile mimi nilitazama kwa macho ya msimamizi tu, na msimamizi ndiye mtu wa mwisho kuona kasoro, maana yeye anaruhusiwa kuona vyote.

Nchi nayo sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Tume hiyo na kuzilinda taarifa walizopewa. Kabla ya sheria hiyo nasi tulikuwa na neno letu: amana. Namba ya simu ya mzazi si mali ya madrasa. Tumewekewa.

7. HITIMISHO

Yule baba alirudi kutumia tovuti baada ya miezi kadhaa. Mwanawe hakukatishwa masomo. Lakini mpaka leo akiwa na jambo zito haandiki. Anashuka mwenyewe hadi Moshi, ananisubiri nje ya darasa baada ya alasiri. Ubovu wa tovuti niliumaliza kwa siku mbili. Huo mwingine bado naungoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tovuti ina programu-jalizi 32 na moja tu ndiyo mbovu. Kwa kanuni ya mfongo, utaipata kwa hatua ngapi?
2. Mwanachama anasema, "Tovuti imeharibika." Taja maswali manne utakayomuuliza kabla ya kugusa kitu.
3. Umeongeza sehemu ya "Namba ya simu" kwenye wasifu. Eleza utaikagua vipi kwa macho matatu.

Majibu yaletwe kwa mkono, yameandikwa kwenye daftari.

Wabillaahi tawfiiq.