Chuma Usichokijua Usikikate: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Vyuma Chakavu

Malalamiko tumeyasikia: kupima mionzi kwenye mzigo wa vyuma chakavu kunachelewesha safari na kunakula faida. Wengine wanasema Tanzania haina kinu hata kimoja cha nyuklia, kwa hiyo mionzi ni shida ya Wajapani. Hapo ndipo wanapokosea.

Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, hakukulipuka kinu chochote. Watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa, wakang'oa sehemu ya mashine ya kutibu saratani, wakaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, uliong'aa bluu gizani. Mwenye yadi aliupenda, akawagawia ndugu na marafiki. Mtoto wa miaka 6 aliuchezea, kisha akala yai kwa mikono ileile. Watu walipoanza kutapika walidhani ni chakula. Aliyeshtuka ni mke wa mwenye yadi: kifaa kikatiwa kwenye mfuko, akapanda nacho basi hadi ofisi ya afya. Yeye na mtoto yule ni kati ya watu 4 waliofariki. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa na uchafu wa mionzi.

Kilichowaua ni kufungua. Chanzo cha mionzi kikiwa ndani ya ganda lake la risasi kimezuiliwa. Ukilikata kwa gesi au kulipasua kwa tindo, kinga umeiondoa kwa mkono wako. Usifungue. Usipasue. Usiyeyushe.

Kuyeyusha hakuondoi mionzi. Mexico, mwaka 1983, kobalti-60 ya mashine ya hospitali iliingia kwenye tanuri pamoja na vyuma chakavu, zikatoka nondo. Ziligundulika Januari 1984, lori lililozibeba lilipoamsha king'ora cha mionzi huko Los Alamos, Marekani. Wakati huo watu walikuwa wamekwisha kuzijengea, na nyumba zikabomolewa.

Vifaa vya namna hii vipo Tanzania: katika hospitali zinazotibu saratani, viwandani, kwa makandarasi wanaopima mshindilio wa barabara, na kwa mafundi wanaokagua machomeleo ya mabomba. Nchi yetu ina sheria ya kinga ya mionzi tangu 1983, na Sheria Na. 7 ya 2003 imeikabidhi Tume ya Nguvu za Atomiki usimamizi huo. Mwenye kifaa lazima awe na leseni. Masharti yake utaelezwa katika ofisi za Tume. Wewe mnunuzi, asiyekuonyesha kifaa kimetoka wapi usimlipe.

Tafuta alama ya mapanga matatu, kama pangaboi la dari, kwenye rangi ya njano. Tangu 2007 ipo pia pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Rangi hubanduka, kwa hiyo amini uzito: kitu kidogo kinachowashinda watu wawili kukinyanyua huenda kina risasi. Kiache hapohapo.

Ondoa watu hadi mita 30. Umbali ni kinga ya kweli: aliye mita 10 kutoka kwenye chanzo hupata takriban sehemu moja tu kwa mia ya mionzi anayopata aliye mita moja. Usikipakie kwenye gari kukipeleka kituoni, na usikitupe jalalani kwa kuogopa maswali. Wa jalalani watakiokota. Nawa kwa sabuni. Usile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Toa taarifa polisi au kwa Tume.

Waliokishika wasitawanyike majumbani. Andika majina yao, saa na walichokifanya, na mpe karatasi hiyo mtaalamu atakayefika. Akitapika mtu, au ngozi ikiwa nyekundu kama imeungua, mwambieni daktari mapema kwamba mmeshika kifaa cha mionzi. Asipoambiwa, atatibu tumbo.